Kabla hujaimba, uliza wimbo unampiga nani

Mimi nina sauti. Sijisifu, maana sauti hiyohiyo ndiyo iliyonitia aibu kubwa kuliko zote nilizowahi kujitia, na ndiyo sababu ya kuandika haya.

Kikoba chetu cha Temeke kilikuwa na wanawake 22. Hisa shilingi 5,000 kila Jumamosi, mkopo mara tatu ya akiba yako, na katiba iliyoandikwa kwa mkono kwenye daftari la kaunta: asiyerejesha kwa miezi mitatu anatolewa vyombo. Mwenzetu mmoja, muuza maandazi, alikopa 600,000 akakwama. Miezi mitatu ikapita, wa nne ukaingia. Jumamosi moja tukakodi guta, tukaenda kwake watu tisa.

Kwetu mtu haendi kutoa vyombo kimyakimya. Tulikuwa tukienda na nyimbo, mtaa usikie na wadaiwa wengine watie akili. Mwimbishaji nilikuwa mimi. Siku hiyo nilichukua taarabu iliyokuwa ikipigwa kila harusi, nikabadilisha maneno nikamvalisha yeye: mkopo kaula, maandazi hayaumuki, buibui jipya na deni bichi. Wenzangu wakaitikia kwa vigelegele. Majirani wakatoka na simu zao. Tukabeba jiko la gesi la pleti mbili, na pleti moja ilikuwa bado ya moto kwa sababu alikuwa anachemsha uji. Mtoto wake, wa miaka kama minne hivi, alibaki ameshika mfuniko wa sufuria huku akiuchapachapa kwa kiganja. Alidhani ni ngoma.

Wakati wa kurudi tukapita mbele ya nyumba ya bibi mmoja wa Kiunguja ambaye mtaa mzima humwita Bi Mkubwa. Ujana wake aliumalizia kwenye msondo, ile ngoma ya unyago wanakofundwa wasichana. Mpaka leo ukiacha ndoo imeinamishwa karibu naye, ataidunda.

“Shikamoo Bi Mkubwa.”

“Marahaba. Wewe ndiye uliyekuwa ukiimbisha?”

Nikacheka, nikidhani nasifiwa.

“Sauti unayo, mwanangu. Na yule bwana aliyezila hizo fedha, umemwimba ubeti wa ngapi?”

Bwana gani? Kumbe mtaa mzima ulijua, ila kikoba hakikujua. Mume alizichukua usiku uleule zilipotoka, akalipia rubuni ya pikipiki, akaondoka nayo na hakurudi. Mke akanyamaza miezi minne kwa haya. Sisi tukaenda kumwongezea haya kwa sauti ya kwanza na ya pili.

Bi Mkubwa hakunipa mawaidha. Aliniuliza tu kama naujua wimbo wa Kijiti. Nikamwambia naujua, nikauanza. Akaniachia beti mbili, kisha akauliza: “Unaeleza nini?” Nikakwama. Nilikuwa nimeuimba maishani mwangu kama mtu anavyoimba wimbo wa lugha asiyoijua.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na kama una haraka chukua huu peke yake: kaa na wimbo mmoja wa zamani wa wanawake, uandike maneno yake kwenye karatasi, ujue unamzungumza nani. Santuri za zamani zina mikwaruzo na maneno humezwa, kwa hiyo tafuta mzee akusaidie. Mimi nilisaidiwa na Bi Mkubwa jioni tatu, kwa malipo ya tambuu.

Kijiti ni wimbo wa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja. Unasimulia kisa cha kweli cha Unguja: mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam alikwenda matembezini, akauawa na mtu aitwaye Kijiti. Muuaji akavuka bahari akatokomea bara. Kesi ilipofika mahakamani, waliofungwa ni mashahidi, wanawake waliokuwa na marehemu siku hiyo. Sasa fikiria mtungaji ana kisa hicho mkononi. Angeweza kumwimba marehemu: alifuata nini, alivaa nini, mbona alitoka na watu asiowajua. Watu wangecheka na santuri ingeuzwa. Siti akamwimba Kijiti kwa jina lake, halafu akamgeukia jaji.

Na alifanya hivyo akiwa nani? Alizaliwa Fumba, yapata 1880, katika ukoo wenye asili ya utumwa, akiuza vyungu kwa kutembea. Alipoanza kusikika mjini, wapinzani wake walimtungia wimbo wa kumuuliza tangu lini amekuwa mtu, yeye aliyetoka shamba na kaniki, vazi la maskini. Hata sura yake waliiimba. Majibu yake yamo katika wasifu wake ulioandikwa na Shaaban Robert: kwamba uzuri na nasaba si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili, na sauti ya yule wa kaniki ikaingia katika nyumba ambazo yeye mwenyewe pengine asingekaribishwa kuketi. Alifariki 1950. Chama cha wanahabari wanawake, TAMWA, kilichoanzishwa 1987, kiliita jarida lake Sauti ya Siti. Wengine wetu tulilisoma hilo jarida kabla hatujawahi kumsikia Siti mwenyewe, jambo ambalo Bi Mkubwa aliliona ni kichekesho kikubwa.

Ukishauelewa Kijiti, washa redio. Taarabu ya kisasa, ya rusha roho, mimi naipenda na sitaiacha. Ukinialika harusini usitegemee nitakaa kwenye kiti. Lakini hesabu. Wimbo wa kwanza mke anampiga mke mwenza. Wa pili jirani anampiga jirani. Wa tatu shoga anamsema shoga aliyemwiba bwana. Na huyo bwana anayegombewa hana hata mstari mmoja! Amekaa nyuma ya wimbo kama yule wa pikipiki. Sisemi mipasho ni mibaya. Kwa watu waliofundishwa kwamba mwanamke hasemi, kupata mahali pa kusemea ni jambo kubwa. Nasema tu mpasho ni kama mwiko wa kusongea ugali: angalia unamwangukia nani.

Rafiki yangu mmoja wa harakati ananiambia hayo yote yana jina, ni ufeministi. Sawa. Mimi neno hilo nililijua baadaye.

Turudi kwenye kikoba. Jumamosi iliyofuata jiko la watu lilikuwa pembeni ya meza ya mweka hazina, linasubiri mnunuzi. Nikaomba nafasi. Nilikuwa nimetunga ubeti mmoja wa mistari mitatu, ule mtindo wa nyimbo zetu, mizani nane kwa nane. Kutunga kwa mizani ni kazi ya vidole. Unahesabu silabi kama unahesabu chenji. Nikauimba:

Deni li jinani mwake, mkono haukugusa,
Kitabu chasema lake, mwingine kavuna pesa,
Mwatwaa na jiko lake, mlaji mkamkosa.

Na kiitikio nikawapa wao:

Kesho lako, kesho langu, jiko halina mwenyewe.

Mara ya kwanza waliitikia kwa kusitasita. Mara ya pili wakaushika. Mara ya tatu mweka hazina, mama mkali ambaye hajawahi kusamehe faini ya shilingi 500, akaacha kuitikia katikati, akaketi, akasema: “Hata mimi.” Mkopo wake wa Ramadhani alichukuliwa na mume, akawa anaulipa kwa kushona usiku. Mpaka magharibi walikuwa wanne waliosema “hata mimi”. Tulikuwa tumekaa pamoja kila Jumamosi kwa miaka miwili, tukihesabu pesa kwa sauti, na hilo hatukuwahi kuambiana.

Nimelifikiri sana kwa nini wimbo ulitoa kile ambacho mikutano haikutoa. Nadhani kazi ilifanywa na kiitikio. Ukisimama peke yako useme “mume wangu amechukua mkopo wangu,” hiyo ni kesi, na utaulizwa maswali. Ukiitikia na wenzako 21, umeshalisema na hakuna aliyejua kama umesema lako au la mwenzio. Unalipima mdomoni kwanza. Likionekana halikuui, unaweza kulisema tena bila tuni.

Ndiyo maana nawaambia wanawake wanaonipigia simu wakitaka kuanzisha kikundi cha kuimba, kama chetu kilichozaliwa kwenye kikoba: msianze kwa kutafuta nyota. Kila mtu anataka kujua nani ataimba. Anzeni na waitikiaji. Ukiwa na waitikiaji kumi wanaoaminiana, mwimbaji atapatikana hata akiwa na sauti ya kukwaruza. Ukiwa na mwimbaji hodari na waitikiaji wanaonuniana, utakuwa na onyesho la mtu mmoja, na litavunjika kwenye tunzo ya kwanza.

Kuhusu tunzo, hapa nikae kidogo, maana hapa ndipo vikundi vinapofia.

Asiyetoka kwetu akiona mwanamke anainuka katikati ya wimbo na noti mkononi hudhani anamlipa mwimbaji. Anamlipa, ndiyo, lakini tazama vizuri. Haendi mwanzo wa wimbo. Anasubiri mstari wake. Mstari ukifika anainuka taratibu, anajipanga mtandio, anaipandisha noti juu ya kichwa, anakuja kwa mwendo wa mabega huku macho yakiwa kwa mtu fulani aliyekaa safu ya tatu. Akifika anaiachia, anarudi. Hakusema neno. Ukumbi mzima umesikia. Nimewahi kuona mama mmoja akitunza mstari mmoja tu wa kumsifu anayesubiri, mara nne, noti ya elfu moja moja, huku mwanawe aliyemfukuzia mkwe akiwa mlangoni na vijana wenzake. Kile ni kikao cha familia kilichofanyika bila mtu kufungua mdomo.

Sasa hizo noti ni za nani? Mwimbaji husema zangu, nimezivuta kwa sauti. Mpiga ngoma husema bila mimi usingecheza. Sisi tuligombana kwa 14,000, nasema kweli, elfu kumi na nne, wiki tatu hatusalimiani. Kata shauri hili siku ya kwanza, kabla hamjapata hata mwaliko: tunzo yote inaingia kwenye kopo moja, inahesabiwa mbele ya wote usiku uleule, inaandikwa. Nusu mnagawana sawa kwa sawa, nusu inabaki ya sare, nauli na mgonjwa. Mwimbaji akinuna, mwache anune. Nilinuna mimi, nikapona.

Kuna watakaokwambia hayo ni mambo ya kupoteza muda, kwamba wanawake wakitaka haki zao waende semina. Nawajibu kwa Bibi Titi Mohamed. Kabla ya siasa alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma hapa Dar es Salaam kilichoitwa Bomba. TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, ilizaliwa Julai 1954, na mwaka uliofuata ikawa inahitaji wanawake. Bibi Titi hakuanza na hotuba za barabarani. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma vya wanawake, mmoja baada ya mwingine. Kwa miezi michache TANU ikawa na maelfu ya wanachama wanawake. Waliwahi wapi kujifunza kuchangishana, kushona sare, kutoka wote wakiitwa na kumtii kiongozi waliyemchagua wenyewe? Kwenye ngoma. Chombo kilikuwa tayari, kikabadilishiwa wimbo.

Kwa hiyo mkiwa na kikundi cha kuimba msijione mna burudani tu. Mna daftari la majina, mna mfuko, mna watu wanaojua kuja kwa wakati (au karibu na wakati). Sisi kikundi kilipokomaa tuliweza kwenda watu kumi na wawili kukaa na mwenzetu siku tatu alipofukuzwa nyumba na mashemeji baada ya msiba. Hatukuwatukana. Tulikaa barazani, tukapika, tukaimba kaswida. Mashemeji wakaona aibu mbele za watu, wakaita wazee.

Hilo la ala nalipitia upesi. Kwa miaka mingi mpango wa taarabu ulikuwa wanawake mbele na maikrofoni, wanaume nyuma na vyombo, na asiye na chombo hapangi saa ya mazoezi. Kinanda chetu kilipigwa na kijana mmoja aliyechelewa kila siku na kudai robo ya mapato. Tukajifunza kupiga dumbaki na rika, na sasa anayechelewa tunaanza bila yeye. Ukitaka kuona mbali zaidi watazame Tausi Women's Taarab wa Unguja, waliojiunga 2009 chini ya Mariam Hamdani: fidla, udi, ganuni, vyote mikononi mwa wanawake. Bi Kidude naye, mwimbaji mkongwe wa taarabu na unyago, Mungu amrehemu, aliyefariki Aprili 2013, hakungoja mtu ampigie. Msondo alikuwa akiupiga mwenyewe.

Neno moja kuhusu unyago, kwa sababu najua simu zenu zina kumbukumbu kubwa. Nyimbo za ndani hazirekodiwi. Kwenu nyinyi mnaozaliwa na kamera hilo litaonekana la kizamani. Lakini kile chumba kina nguvu kwa sababu yanayosemwa humo hayatoki, na msichana anaweza kuuliza swali ambalo hatalirudia popote. Ukiuweka wimbo ule mtandaoni umeshauvunja mlango. Ukitaka kuuhifadhi, hifadhi kwa njia iliyouleta: kaa chini, ujifunze, umfundishe mwingine. Za harusi, za taarabu, hizo rekodi, ila ulizeni kwanza. Kuna mke wa mtu kaomba ruhusa ya kwenda sokoni, kumbe yuko ukumbini.

Na kama huna kikundi? Wengine mnaniandikia mko mbali, mko kwa watu, mna zamu za usiku. Basi mpate mtu mmoja tu. Chagueni wimbo mmoja, mwandikiane maneno yake, mmoja aimbe ubeti na kumtumia mwenzake kwa sauti, mwingine arudishe kiitikio. Nimefanya hivyo na binamu yangu aliyekwenda Muscat kufanya kazi za ndani. Anarudisha akiwa jikoni, kwa sauti ya chini kabisa, nasikia maji yanachuruzika. Kusikiliza peke yako kwa visikilizi kunaliwaza, sikatai. Ila kilio ulichokiliwaza peke yako kesho kinaamka na wewe peke yako.

Jiko tulilirudisha. Katiba tuliibadilisha: kabla ya kumtolea mtu vyombo, watu wawili wanamtembelea bila daftari. Wanachama watano walijitoa, wakisema biashara si ngoma, na sikuwaona wajinga. Akiba yao ilikuwa humo. Ilituchukua mwaka na ushee kulimaliza lile deni, kwa michango na tunzo.

Yeye mwenyewe, muuza maandazi, nilikwenda kumwomba radhi. Alinisikiliza akiwa anakanda unga, akasema, “Haya,” akaendelea kukanda. Kwenye kikoba alirudi. Kwenye kikundi hakutaka.

Mwaka wa pili tukaalikwa harusi moja Mbagala, tukapiga ule wimbo wa jiko, ambao sasa una beti sita. Ubeti wa kwanza ulipofika kwenye “mlaji mkamkosa” nikamwona ameinuka safu ya nyuma. Akajifunga kanga kiunoni. Akaja polepole, noti ya elfu mbili juu, macho mbele. Nikapanga uso wangu kupokea. Akanipita. Akaenda hadi kwa mama anayepiga dumbaki, akambandika ile noti kwenye paji la uso lenye jasho, akacheza naye mdundo mmoja, akageuka kurudi kitini. Nami kiitikio kilikuwa kimefika, nikaitikia.